Meli ilikiona kisiwa, mama hakumwona mwanawe

Ndugu Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu nihamie Houston, katika jimbo la Texas, ninakoishi na mume wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi. Kitindamimba wetu anafanya kazi hotelini katika kisiwa cha Grand Cayman, kusini mwa Cuba. Mama hajamtia machoni kwa miaka saba, kwa kuwa mdogo wangu huyo amenyimwa viza ya Marekani mara mbili.

Tungeweza kumfuata kwa ndege, lakini mimi ndiye niliyeshauri tupande meli ya kitalii inayotoka Galveston, bandari ya hapa Texas, na kupitia Jamaica na kisiwani kwake, nikiona kwamba watu tisa wa ukoo mmoja wangepata mapumziko na makutano kwa safari moja. Dada yangu mkubwa alichanga dola 2,400 kwa ajili yake na wanawe, na mimi nikalipia waliobaki. Kwa mujibu wa ratiba, tungefika George Town, mji mkuu wa huko, siku ya Jumatano saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Mdogo wangu aliomba ruhusa kazini, akakodi gari la kumbeba mama na akalipia chakula cha mchana katika mkahawa mmoja ulio ufukweni.

Tulianza na mkosi Jumapili ile ile ya kuondoka, kwa sababu ukungu uliifunga njia ya meli pale Galveston na tukalala tumefungwa gatini hadi asubuhi. Jumatatu nahodha alitangaza kwamba ratiba imebadilika: Jamaica imeondolewa, Jumatano tutakwenda Cozumel, kisiwa cha Mexico, na Grand Cayman itakuwa Alhamisi. Mdogo wangu akabadilisha zamu yake kwa kubembeleza. Alhamisi alfajiri tukakiona kisiwa kwa macho yetu, lakini upepo ulikuwa mkali na bahari imejaa povu. Meli ilizunguka kwa muda wa saa moja na nusu, ikajaribu upande wa kusi mahali panapoitwa Spotts, kisha sauti ya nahodha ikasikika ikisema kwamba kwa usalama wetu hatutashuka. Wakati huo mdogo wangu alikuwa ufukweni, simu sikioni, akisema, "Mama, naiona meli yenu, ni nyeupe, iko mbele yangu kabisa." Mama alikuwa amesimama kwenye roshani ya chumba chetu, ameishika mkononi kofia ya viua aliyomshonea kwa miezi mitano. Meli ilipogeuka alisema tu, "Bahari imekataa," akaingia ndani kuswali.

Tumerudi nyumbani wiki ya tatu sasa. Mfuko wa zawadi, wenye ile kofia, kanga mbili na chupa ya achari ya maembe, bado uko nyuma ya mlango wa chumba chake, na hataki uguswe. Kampuni ya meli imetuwekea kiasi kidogo cha fedha katika akaunti ya melini na kuomba radhi. Dada yangu anadai mbele ya jamaa wote, katika kundi letu la WhatsApp, kwamba nimrudishie dola zake 2,400 kwa kuwa meli lilikuwa wazo langu. Abiria wengi walikuwa wakinong'ona kwamba kampuni huruka bandari makusudi ili kuokoa ada na kutuacha tucheze kamari. Mimi mwenyewe siachi kujiuliza kwamba, lau tungekwenda Cayman kwanza Jumatano kama ilivyopangwa, kabla ya upepo ule, mama angalimkumbatia mwanawe.

Je, ninaweza kudai fidia? Nimlipe dada yangu? Na mume wangu amepata bei nzuri ya safari hiyo hiyo kwa Februari ijayo. Nikate tiketi tena?

Wako,
Aliyevunjika moyo, Houston

*

Wa aleikum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama katika ile kofia ya viua. Anayejua kazi ya kutoboa na kuzungushia uzi vitundu vile, kimoja baada ya kimoja, hawezi kukuambia kwamba mmekosa "bandari moja tu," kama kampuni za meli zinavyopenda kuliita jambo hili. Abiria wengine waliokuwa nanyi walikosa ufuo na duka la kumbukumbu, lakini ninyi mlikosa mtu. Hata hivyo nitaanza na bahari kwa sababu nusu ya uchungu wako, kwa jinsi ninavyouona, inatokana na dhana kwamba kuna mtu aliyewafanyia hila.

Grand Cayman haina gati la meli za kitalii. Meli husimama nje ya George Town, na abiria hupelekwa ufukweni kwa boti ndogo. Mpango wa kujenga gati umebishaniwa huko kwa miaka mingi, na wananchi walipoulizwa kwa kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2025, walio wengi walikataa, kwa hiyo hali hiyo haitabadilika karibuni. Mji wenyewe uko magharibi mwa kisiwa. Kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo wa huko hutoka mashariki, na George Town ikawa upande wa demani, imekingwa na nchi kavu, maji yake yametulia. Wakati wa baridi, hasa kati ya Novemba na Machi, hewa baridi hushuka kutoka bara la Amerika Kaskazini, ikavuka Ghuba ya Mexico na kuugeuza upepo utokee kaskazini-magharibi. Upande ule uliokuwa kimbilio ndio unaopigwa sasa. Mama yako ni mtu wa mwambao na hilo halitakuwa geni kwake, kwani anajua kwamba mahali panapofaa kutia nanga wakati wa kaskazi huenda pasifae hata kidogo wakati wa kusi. Spotts, mlikopelekwa kujaribu, ndiyo njia ya akiba upande wa kusini wa kisiwa, na kule kujaribu kwenyewe kunaonyesha kwamba nahodha wenu hakukata tamaa upesi.

Sasa mfikirie mama akishuka. Mlango wa kushukia uko chini kabisa ubavuni mwa meli, karibu na maji. Boti hufungwa pale kwa kamba, mabaharia wawili wakamshika abiria mikono, wakangoja sakafu ya boti ilingane na kizingiti ndipo wamwambie avuke. Bahari ikiwa tulivu, ni hatua moja, sawa na ya kushuka kibarazani. Mawimbi yakiwa makubwa, sakafu ile huzama kimo cha mtoto mdogo na kupanda tena kabla mtu hajavuta pumzi, na mguu uliobaki katikati ya boti na chuma cha meli hauponi. Nahodha hufikiria pia saa za kurudi, jambo ambalo abiria aliye na hamu ya kushuka halikumbuki. Akiwashusha watu elfu kadhaa asubuhi, na upepo ukazidi saa nane mchana, atawarejeshaje melini, wakiwamo wazee na watoto wachanga?

Sisi watu wa mwambao hatuna udhuru wa kulisahau hilo. Tunaikumbuka MV Skagit, iliyozama tarehe 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, katika bahari iliyochafuka, ikiwa njiani kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Na Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania Mei 2024, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, ingawa kila aliyekuwa na tiketi mkononi alikuwa na lake la kumpeleka ng'ambo.

Kuhusu swali linalokukosesha usingizi, yaani kwamba mngekwenda Cayman kwanza, sidhani kwamba nahodha alikuwa na uwezo huo. Mlichelewa kuondoka kwa karibu usiku mzima. Ukungu ni jambo la kawaida Galveston miezi ya baridi, hewa yenye unyevu inapopita juu ya maji yaliyopoa, na marubani wa bandari wanaoziongoza meli katika mkondo ule mwembamba wanaposimamisha kazi, hakuna meli inayotoka wala kuingia, iwe ya kitalii au ya mafuta. Grand Cayman iko mbali zaidi ya Cozumel kutoka huko. Saa zile mlizozipoteza gatini ndizo zilizoifanya Jumatano ya Cayman isiwezekane, na kwa hiyo akaanza na bandari ya karibu. Upepo wa Alhamisi ulikuwa msiba wa pili juu ya ule wa kwanza, na sioni hila katika mmojawapo.

Huo mnong'ono wa kamari nao haufai kupuuzwa kabisa. Ni kweli kwamba kasino na maduka ya melini hufungwa meli inapokuwa bandarini na hufunguliwa inapokuwa bahari kuu, kwa hiyo siku ya ziada baharini huingiza fedha. Lakini kampuni hiyo hiyo hupoteza sehemu yake katika matembezi ya nchi kavu iliyokuwa imeyauza, hulazimika kuyarudishia malipo, na ada za bandari iliyorukwa kwa kawaida hurejeshwa kwa abiria. Biashara ya namna hiyo haina faida ya kumfanya mtu azunguke saa moja na nusu mbele ya kisiwa akichoma mafuta.

Tuje kwenye fidia, na hapa sitakupa matumaini nisiyokuwa nayo. Ukiusoma mkataba wa tiketi yako, ule ambao sote hubonyeza "nakubali" bila kuusoma, utakuta kifungu kinachomruhusu nahodha kuruka bandari, kuibadilisha au kubadili mpangilio wake kwa sababu ya hali ya hewa, pasipo kampuni kuwajibika kulipa fidia. Huenda mtu akakutajia tamko la haki za abiria lililotolewa Mei 2013 na CLIA, jumuiya ya kimataifa ya kampuni za meli za kitalii. Tamko hilo lipo, na linaahidi kurejesha fedha safari inapofutwa au kukatizwa kwa sababu ya hitilafu ya mitambo. Halisemi hivyo kuhusu upepo.

Kile kiasi kidogo mlichowekewa, bila shaka, ni ada na kodi za bandari, ambazo mara nyingi hazizidi makumi machache ya dola kwa mtu mmoja. Ninyi mlikosa bandari mbili, Jamaica na Cayman, kwa hiyo iandikie kampuni barua fupi yenye adabu, uiombe mchanganuo wa ada za kila bandari kwa kila mmoja wenu tisa, kisha ulinganishe na risiti ya mwisho ya akaunti ya melini. Makosa hutokea, hasa tiketi zinapokuwa zimekatwa kwa majina ya kaya mbili. Kama mlikuwa mmelipia matembezi yoyote kupitia kampuni yenyewe, hakikisha yamerudishwa yote. Katika barua hiyo hiyo omba uthibitisho wa maandishi unaotaja bandari zilizorukwa, tarehe na sababu.

Uthibitisho huo ndio utakaoupeleka kwa bima. Hukuniambia kama mlikata bima ya safari. Kama mliikata, itafute leo, usingoje mwisho wa wiki, kwa kuwa madai huwa na ukomo wa siku. Tafuta maneno yanayohusu mabadiliko ya ratiba au bandari iliyokosekana. Baadhi ya bima hulipa kiasi maalumu kwa kila bandari, baadhi hazilipi kabisa, na ziko zinazolipa meli inaposhindwa kufika lakini zikakataa pale ilipofika na boti za kuvushia ndizo zilizoshindwa. Tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo hali yenu hasa katika Cayman, ingawa Jamaica, ambayo meli haikuifikia, ni suala jingine. Angalia pia kifungu cha kuchelewa kwa safari, kwa ajili ya ule usiku wa Galveston. Fedha za gari na mkahawa alizozitoa mdogo wako ziko mikononi mwa wenye gari na mkahawa. Watu wa visiwani wanaoishi kwa kutegemea meli wameshazoea siku za namna hiyo, na wengi wao hurudisha malipo au kuyahamishia siku nyingine meli isiposhusha watu. Mwambie awaulize kwa upole, akitaja jina la meli na tarehe.

Kuhusu dada yako, usimlipe dola 2,400. Alisafiri, alilala, alikula, wanawe waliogelea, na alishuka Cozumel kama ninyi. Kinachorudi kutoka kwa kampuni au bima kigawanywe kwa kila kichwa, hadi senti ya mwisho, na mahesabu uyaweke wazi. Lakini hapo hapo nitakukosoa kidogo, unisamehe. Nadhani dada yako hadai fedha. Anadai usikike ukikiri kwamba ulikosea, na kwa kweli ulikosea. Hukukosea kwa kutojua kwamba upepo ungevuma, maana hilo hakuna aliyelijua. Ulikosea kwa kulifunga jambo zito kama hilo, mama kuonana na mwanawe baada ya miaka saba, kwenye saa nane za ratiba ya meli ya starehe, ambayo mwenyewe anajipa ruhusa ya kuibadilisha wakati wowote. Meli ya aina hiyo ni chombo cha matembezi, na miadi haiwezi kuibeba. Mwambie hivyo dada yako kwa mdomo wako, kwa simu au ukiwa kibarazani kwake, nje ya lile kundi la WhatsApp. Kundi lile lina watu wengi mno wenye maoni, na nahodha wengi chombo huenda mrama.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwambie mume wako asikate zile tiketi za Februari, hata bei iwe nzuri kiasi gani. Februari ni katikati ya msimu ule ule wa ukungu huku na upepo wa kaskazini-magharibi kule. Huenda mkafanikiwa, na meli nyingi hufanikiwa, lakini mama akigeuzwa mara ya pili mbele ya kisiwa kile, sitakuwa na la kukuandikia. Nendeni kwa ndege. Si lazima mwende tisa. Mama na wewe mnatosha, kwa siku nne au tano, mkalale karibu na kazini kwake, ili hata akipangiwa zamu awaone asubuhi na usiku. Kabla ya kulipa chochote, ulizeni ofisi ya uhamiaji ya Cayman kuhusu masharti ya kuingia kwa pasipoti na kadi za ukaazi mlizo nazo, na mwacheni mdogo wako achague tarehe, kwani safari iliyopita tayari imemgharimu fadhila kazini.

Ikiwa familia nzima inang'ang'ania meli, basi makutano yawe mahali ambapo meli hufunga gatini na watu wakashuka kwa miguu yao. Falmouth, Jamaica, ni mahali pa namna hiyo, na mdogo wako anaweza kuruka kutoka Cayman hadi Montego Bay, ambayo haiko mbali na hapo, akawangoja. Gati nalo hufungwa upepo ukiwa mkali, kwa kuwa ubavu wa meli hizi ndefu hushika upepo kama tanga, lakini bahari inayozuia boti ndogo mara nyingi haizuii meli kufunga gatini. Hata hivyo mlikwisha kuikosa Jamaica hiyo hiyo kwa ukungu tu, kwa hiyo ninalitaja jambo hili kwa shingo upande.

Limebaki la mama. Unaandika kwamba hataki mfuko uguswe, nawe unaona ni huzuni. Inawezekana. Lakini mwanamke aliyeitazama meli ikigeuka akasema bahari imekataa, kisha akaenda kuswali, huenda hajaufungua mfuko kwa sababu kwake safari haijamalizika. Usimshauri aitume kofia kwa posta, na usimfungulie mfuko kwa nia ya kumpunguzia machungu. Mketishe, umwambie mnakwenda kwa ndege, umwonyeshe tarehe, kisha umwulize yeye anataka kubeba nini. Kofia aikunje ndani ya kanga, aiweke katika mkoba wa mkononi. Ile achari tu ndiyo itakayowapa taabu: chupa ya maji maji haitaruhusiwa kupita pale kwenye ukaguzi wa mizigo ya mkononi, kwa hiyo ifungwe vizuri ndani ya sanduku kubwa, baada ya kuuliza forodha ya huko kama inaruhusiwa kuingia. Wakikataa, mdogo wako anaweza kununua maembe na pilipili sokoni George Town, mama akampikia nyingine jikoni kwake.

Mshauri